Sura ya Nne: Sauti ya Midomo Miwili

Soma kwa sauti majina haya ya mahali katika nyanda za juu za Embu, upande wa Runyenjes na jirani zake: Kevote, Nguviu, Kavutiri, Muvandori, Kivwe. Msomaji wa Kiswahili hataona ugumu wowote. Kuna v, naye v anaijua tangu darasa la kwanza: meno ya juu hugusa mdomo wa chini, pumzi hupenya kwa shida, koo hutetemeka, basi. Atayasoma hivyo na ataeleweka. Lakini mzee wa Kagaari, au mama anayeuza ndizi sokoni Runyenjes, akiyatamka majina hayohayo kwa Kiembu chake, meno hayahusiki hata kidogo. Kazi yote hufanywa na midomo.

Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba wengi waliokulia humo hawajawahi kuambiwa ipo. Nimechagua kuipa sura nzima kwa sababu ndani yake kuna historia ndefu ya Wabantu wa mlimani, kuna namna kanisa na serikali vilivyoiandika nchi ya Waembu, na kuna swali ambalo kila lugha isiyoandikwa sana hulazimika kulijibu: herufi ni ya nani, ya sikio la nje au ya kinywa cha ndani?

Tuanze na kinywa. Shika kikombe cha uji wa moto, au jifanye unacho. Unapoupoza, midomo hukaribiana bila kufungana, na pumzi hupita katikati mfululizo. Hapo tayari umetoa sauti ya lugha, ingawa haina mtetemo wa koo. Weka vidole viwili kooni, acha midomo palepale, kisha ghuna kama anayeanza kuimba. Vidole vitahisi mtetemo. Sasa fungua kinywa uingie kwenye a. Umetamka silabi ya kwanza ya neno la Kiembu la kupanda mbegu, vanda. Usiichongoe midomo, maana utapata w. Usiifunge, maana utapata b. Usiuvute mdomo wa chini hadi kwenye meno, maana utarudi kwenye v ya Kiswahili. Nafasi ya sauti hii iko katikati ya hizo tatu, na ndiyo maana masikio yasiyoizoea huisikia sauti hiyohiyo leo kama b, kesho kama w.

Wanafonetiki huiita kikwamizo ghuna cha midomo. Kikwamizo, kwa kuwa pumzi hukwamakwama bila kuzuiwa kabisa. Ghuna, kwa kuwa nyuzi sauti hutetemeka. Cha midomo, kwa kuwa midomo yote miwili ndiyo ala. Mkwaruzo wake ni dhaifu kuliko ule wa v ya meno, kwani midomo ni laini na pumzi haigongi ukingo wowote mgumu. Katika mazungumzo ya haraka midomo hulegea zaidi, mkwaruzo hutoweka, na kinachobaki ni mpito laini kati ya irabu mbili.

Alama yake katika Alfabeti ya Fonetiki ya Kimataifa ni β. Alfabeti hiyo ni kazi ya chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1886 na walimu wa lugha wakiongozwa na Paul Passy, Mfaransa aliyetaka wanafunzi wasomewe sauti badala ya kudanganywa na tahajia. Sharti lake kuu ni rahisi: sauti moja, alama moja, kwa lugha zote za dunia. Kwa hiyo Mwembu na Mhispania, ambaye naye anayo sauti hii katikati ya maneno, huandikwa kwa alama ileile. Vanda huanza hivi: [βa]. Mabano ya mraba huonyesha kwamba tunanakili kile kinachosikika. Tukitaka kusema kwamba sauti hiyo ni fonimu, yaani inatenganisha maana katika lugha, tunaiweka kati ya mikwaju miwili: /β/. Na pale midomo inapolegea na mkwaruzo kwisha, tunaongeza alama ndogo chini yake: [β̞]. Tofauti hii ya mabano na mikwaju si urembo wa kitaaluma. Mabano ni ushahidi wa sikio, mikwaju ni hukumu kuhusu mfumo, na mwandishi anayevichanganya huishia kudai kwamba kila mtu husema vilevile.

β yenyewe ni beta ya Wagiriki. Napenda kwamba ilichaguliwa hiyo, kwa sababu beta imeipitia njia hii yote. Kwa Wagiriki wa kale ilisomwa b ya kufunga midomo. Karne zilivyopita midomo ililegea ikawa sauti ya Runyenjes, na Wagiriki wa leo huisoma v ya meno.

Sauti ya Waembu imefika hapohapo ikitokea upande mwingine. Ilianza kama p.

Carl Meinhof alipochapisha kitabu chake cha sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, alionyesha kwamba mabadiliko ya konsonanti kutoka lugha moja hadi nyingine hufuata kanuni. Wanaisimu waliomfuata wameweka mwanzoni mwa mnyororo huu sauti wanayoiandika *p, nyota ikimaanisha kwamba haikusikiwa na mtu bali imekisiwa kwa kulinganisha lugha zilizo hai. Kiswahili kimeihifadhi: panda. Ukifika kwa Wakikuyu neno ni handa. Kwa Waembu na Wambeere ni vanda, na kwa Wakamba vilevile vanda. Ukiuvuka Mto Thuci ukiiacha kaunti ya Embu, ukapita Chuka na kuendelea hadi kwa Wameru wa Imenti, konsonanti imekwisha kabisa: anda. Au chukua neno la mahali tuliposimama. Mswahili husema hapa, Mkikuyu haha, Mwembu vava, Mkamba vaa. Mita chache za pumzi ya binadamu, na p imepita hatua zote ambazo midomo inaweza kuipitisha: imefunguka nusu, imeachia kazi koo, imefutika.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaokiita Kiembu "Kikuyu kilichoharibika", kauli ambayo watoto wa Runyenjes wameisikia mara nyingi mno. Kwa mujibu wa sauti hii, Kikuyu ndicho kilichosafiri mbali zaidi na asili, kwani h haina kumbukumbu yoyote ya midomo. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu aliziweka hizi jirani, Kikuyu E51, Kiembu E52, Kimeru E53, Kikamba E55, kila moja na namba yake. Hakuna iliyo kiambatisho cha mwenzake.

Na hata hivyo, kwa miongo mingi Waembu walijifunza kusoma kwa herufi za mwenzao. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walifungua kituo chao Kigari mwaka 1910, miaka minne tu baada ya kikosi cha Waingereza kuwashinda Waembu kwa silaha mwaka 1906. Kitabu walichokuwa nacho wahubiri, na baadaye nyimbo na katekisimu, vilikuwa katika Kikuyu. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya uchumi: kuchapisha Biblia ni gharama kubwa, na lugha hizi mbili zinaelewana. Matokeo yake ni kwamba vizazi vya Waembu viliketi kwenye mabenchi ya kanisa vikitazama h na kutamka [β]. Ukurasa ulisema hoya, kuomba. Midomo ikasema voya. Ukurasa ulisema mahoya, maombi. Midomo ikasema mavoya.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu jambo hili halipewi uzito unaostahili. Anayesoma h na kutamka [β] bila kukosea, aya baada ya aya, amebeba kichwani kanuni ya ulinganifu wa sauti kati ya lugha mbili. Anaijua bila kufundishwa, na anaijua pia mipaka yake: hageuzi kila h anayoiona, maana majina ya Kiebrania yenye h hayakutoka kwenye *p. Kazi ambayo Meinhof aliifanya mezani kwake Ujerumani, wakulima wa Kyeni na Gaturi walikuwa wakiifanya kila Jumapili kwa wakati halisi. Hawakuitwa wasomi wa fonetiki. Mara nyingi waliitwa watu wasiojua kusoma vizuri, kwa kuwa walichosema hakikufanana na kilichoandikwa.

Na wapo waliokubali shutuma hiyo. Wakaanza kusema h kanisani na ofisini, na v wakaibakiza nyumbani. Hivyo ndivyo konsonanti inavyopata cheo: moja inavaa viatu, nyingine inatembea peku. Hakuna kitu katika midomo au kooni kinachoifanya [h] kuwa na heshima kuliko [β]. Heshima ilitoka kwenye karatasi.

Utata unazidi ukijua kwamba Wakikuyu nao wana sauti hii ya midomo, ila wanaiandika kwa herufi nyingine. Katika Kikuyu, b inayosimama peke yake haifungi midomo. Baba hutamkwa [βaβa], na b ya Kabete ni hiyohiyo. Chanzo chake si *p, kwa hiyo ni sauti moja yenye ukoo tofauti. Sasa fikiria mtoto wa Runyenjes aliyefunzwa tahajia ya Kikuyu: sauti anayoisema kila siku anaiona kwenye kitabu ikiandikwa b mahali ambapo hakuitarajia, na mahali anapoitarajia anakuta h. Mimi husema huyo mtoto alistahili tuzo kwa kujua kusoma chochote.

Midomo hufungwa kabisa pale tu sauti hii inapotanguliwa na m. Mbũri, yaani mbuzi, ina [ᵐb] ya kufunga, na m ile ndogo iliyoinuliwa katika unukuzi hutuambia kwamba pua na midomo vimeshirikiana kutoa konsonanti moja, si mbili. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwa majirani Wakamba, ambao walipolipokea neno Biblia walilifanya Mbivilia. Konsonanti ile moja ya kigeni ilitokea mara mbili katika neno. Mara ya kwanza walitanguliza m, na midomo ikafungwa. Mara ya pili ilikuwa katikati ya irabu, na midomo ikafunguka. Hakuna kamati iliyoketi kuamua hivyo. Kinywa kilifuata sheria zake.

Mtu wa kwanza kuzichunguza konsonanti na toni za Kikuyu kwa kina katika maabara ya fonetiki alikuwa Lilias Armstrong wa Chuo Kikuu cha London. Kinywa kilichomsaidia ni cha mtu anayejulikana kwa mambo mengine: Jomo Kenyatta, aliyefanya kazi katika idara ya fonetiki ya chuo hicho kati ya 1935 na 1937 kama mzungumzaji wa lugha. Armstrong alifariki mwishoni mwa 1937, na kitabu chake kuhusu muundo wa sauti na toni za Kikuyu kikatoka mwaka 1940. Ni kitabu kigumu na kizuri. Kila ninapokitazama huwaza jinsi ambavyo E52 ingefaidika kama mzungumzaji mmoja kutoka Runyenjes angeketi kwenye kiti hicho wiki mbili tatu.

Serikali nayo ilikuwa na kalamu yake. Mto unaopita kando ya mji wa Embu huitwa na Waembu Ruvingaci. Kwenye ramani umeandikwa Rupingazi. Sikio lisilo na [β] hulazimika kuikabidhi kwa jirani mmojawapo, p, b, v au w, na hapa iliangukia p. Sauti ya c ya mlimani, inayosikika karibu na sh au s, ikageuzwa z. Jina la ramani likaingia kwenye miradi ya maji, hati na mabango, na leo kijana wa Embu huandika Rupingazi kwenye mtihani na kusema Ruvingaci akiteremka kuteka maji. Thuci nao huandikwa Thuchi, ingawa th yake ni ile ya dhahabu, [ð], wala si ile ya thelathini.

Runyenjes yenyewe ni kesi ya aina yake. Jina ni la mtu, Rũnyenje, na s ya mwisho ni mabaki ya umilikishi wa Kiingereza, kama ile ya Mumias, mji wa Nabongo Mumia kule magharibi. Kiembu hakifungi silabi kwa konsonanti. Kila neno lake huishia kwenye irabu. Kwa hiyo mji mkubwa wa eneo hilo unabeba mwishoni sauti ambayo lugha ya wenyeji haina mahali pa kuiweka. Kinywa cha Mwembu kingelinakili jina hilo takriban hivi: [ɾoɲɛⁿdʒɛ]. Ile ɾ ni pigo moja tu la ulimi. ɲ ni ny. Na ũ, ambayo wengi huidhani u, ni [o] iliyobana.

Jambo hili limeigusa hata nchi yenyewe. Mlima unaoonekana kutoka Runyenjes asubuhi isiyo na mawingu ni Kĩrĩnyaga kwa Waembu na Wakikuyu. Wakamba, ambao lugha yao imeziangusha r na g katika jina hilo, huuita Kĩĩnyaa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huo Desemba 1849 akiwa Ukambani, akaandika jina alivyolisikia pale, Kegnia, akitumia gn kwa ile ny. Kenya imetokana na usikivu huo. Angefika kutokea upande wa Runyenjes, pasipoti zetu zingeandikwa vingine.

Je, sauti ya midomo miwili iandikwe vipi, basi? Afrika imetoa majibu kadhaa. Wadigo wa pwani ya kusini ya Kenya, ambao nao wameitoa kwenye *p ileile, huandika ph: phapha ni hapa, na mgeni anayeisoma ph kama f hupotea njia mara moja. Wanyarwanda huandika b, na Waganda vilevile, wakimwachia msomaji ajue kwamba kati ya irabu midomo haifungwi. Waewe wa Ghana na Togo hawakuweza kufanya hivyo, kwa sababu wana v ya meno na β ya midomo kwa pamoja, na zinatenganisha maana: jina lao wenyewe lina ya midomo, na neno lao la mbili lina ya meno. Kwao kosa moja la mdomo hugeuza taifa kuwa hesabu. Alfabeti ya Afrika, iliyotolewa mwaka 1928 na taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika, ndiyo iliyoeneza herufi ʋ kwa sauti ya midomo, na Waewe wanaitumia hadi leo. Tahadhari kwa anayesoma vitabu vya zamani: katika Alfabeti ya Fonetiki ya Kimataifa ʋ hiyohiyo ina maana nyingine, sauti legevu ya mdomo na meno. Nimeona makala zilizochanganya mifumo hii miwili na kuzipa lugha sauti zisizokuwa nazo.

Kiembu hakina v ya meno inayoshindana na β. Kwa hiyo hakihitaji herufi mpya, na ninawaomba wote wenye nia njema wasikiletee. v inatosha. Iko kwenye kila simu na kila taipureta ya zamani, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu ĩ na ũ, ambazo watu huziacha bila alama wakiandikiana ujumbe na kutegemea maana ijitokeze yenyewe. Mwembu akikutana na v akatamka [β], tahajia imefanya kazi yake. Anayezoea Kiswahili na Kiingereza cha shule akaigusisha meno, bado hakuna neno litakalogeuka kuwa lingine.

Kinachohitajika ni kwingine. Kwanza, kamusi na vitabu vya lugha hii viwe na mstari wa unukuzi kando ya kila neno, ili mtu aliyezaliwa Nairobi au Boston kwa wazazi wa Kyeni ajue kwamba v ya babu yake ilikuwa ya midomo. Herufi pekee haitamwambia. Pili, darasani. Mtaala wa sasa unataka lugha za kiasili zifundishwe darasa la kwanza hadi la tatu, na mtoto huyohuyo anafundishwa Kiswahili na Kiingereza saa moja baadaye. Akisema "vitabu" kwa midomo miwili, au akilainisha b ya "baba", mara nyingi huambiwa ana athari ya lugha ya mama na aache. Kuambiwa uache bila kuonyeshwa unachofanya hakumsaidii mtoto wala mwalimu.

Kinachosaidia ni kioo kidogo. Mwambie mtoto aseme vanda kama bibi yake anavyosema, na atazame: meno hayaonekani, midomo imekaribiana. Kisha aseme vitabu, na safari hii meno ya juu yakae juu ya mdomo wa chini. Ya kwanza ni [β], ya pili ni [v]. Kisha baba ya Kiswahili, midomo ifungwe mpaka pumzi isimame. Mtoto wa miaka saba hufuata somo hilo kwa furaha, na akimaliza ana konsonanti tatu kamili ambapo mwanzoni aliambiwa ana moja yenye kasoro. Mwalimu aandike β ubaoni bila woga. Haina ugumu zaidi ya alama ya kugawanya. Halafu awatume darasa zima nyumbani na orodha ya majina ya vijiji na mito ya kwao, wakayasikilize kwa wazee na kurudi na alama kando ya kila jina: wapi midomo ilikaribiana, wapi ilifungwa, na wapi ramani imeandika p.